Watamu mwezi wa Agosti: chukua nyumba yenye mpishi, na ufuate maji

Familia ya Nairobi yenye watoto na mzee mmoja, ikiniuliza iende wapi Pwani mwezi wa Agosti, nitaiambia Watamu. Nitaiambia pia ichukue nyumba ya kupanga yenye mpishi, iachane na vyumba vya hoteli. Nimejaribu njia zote mbili kwa pesa zangu mwenyewe. Mimi ni fundi wa friji na eisi, karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, na baridi ya Julai ndiyo hunipa nafasi: Nairobi ikipoa, simu za wenye friji hupungua. Shule zikifungwa nafunga mlango, namchukua mke wangu, watoto watatu na mama mkwe, tunateremka.

Safari nitaipitia haraka. Madaraka Express ya asubuhi kutoka Syokimau, kiti cha kawaida shilingi 1,500, inakufikisha Miritini alasiri. Kutoka hapo ni barabara ya Mtwapa na Kilifi, ambayo upanuzi wake umeifanya iwe na foleni za kuchosha, mpaka kituo cha Gede, halafu tuktuk kushuka baharini. Ukiwa na mzee ambaye mgongo wake haupendi matatu, tafuta tiketi ya ndege ya Malindi mapema. Mama mkwe tulimpandisha ndege akiwa na mjukuu wake mkubwa, na alifika akiwa na nguvu kutushinda sote.

Agosti, Watamu ina wenyeji wake na ina wageni wake wa kila mwaka. Waitaliano hujaa kwa sababu kwao katikati ya Agosti karibu kila mtu yuko likizoni, na wengi wana nyumba zao hapa hapa. Kisha kuna Wazungu wa Kenya yetu hii, wa Karen, Naivasha na Nanyuki, ambao familia zao zimemiliki nyumba za ufuoni tangu enzi za babu zao. Hawa huja Agosti, Krismasi na Pasaka, na utawaona wakivuta boti kwenye trela. Halafu ndio sisi wengine wa Nairobi, kila mwaka tukiongezeka. Barabara ya Turtle Bay ni ukuta baada ya ukuta, lango baada ya lango, maua ya bogenvilia yamemwagika juu, askari ameketi kivulini. Ukivuka barabara hiyo hiyo upande wa ndani unakuta nyumba za makuti na mabati za wale wanaofua, wanaopika na wanaolinda huko ng'ambo.

Wazee wa Malindi husimulia kwamba Waitaliano waliizoea pwani hii kupitia kituo cha kurushia roketi cha San Marco kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kazi iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Profesa Luigi Broglio. Huko ndiko setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Niliwaeleza watoto hadithi hiyo tukiwa kwenye foleni ya aiskrimu, na tangu siku hiyo kijana wangu wa pili anataka kupelekwa Ngomeni. Aiskrimu yenyewe, niseme ukweli, sijaonja Nairobi ya kulinganishwa nayo. Piza pia. Mwenye hamu ya vitu hivyo hatajuta.

Sasa nyumba. Tuliipata kupitia kwa wakala wa Nairobi ambaye sitamtaja. Vyumba vinne vya kulala, paa la makuti, bwawa dogo la kuogelea, dakika chache kwa miguu hadi ufuoni. Shilingi 16,000 kwa usiku, mpishi akiwa ndani ya bei. Hoteli tuliyoshukia hapo awali, vyumba viwili na chakula mara mbili kwa siku, ilikuwa ikitugharimu zaidi ya mara mbili ya hizo, na bado chakula cha mchana ulikuwa unalipa kando kwa bei ya kuumiza.

Kabla mizigo haijaingia vyumbani nilikuwa tayari jikoni nimefungua friji. Macho ya kazi hayalali. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea upande wote wa chini, kondensa, zile nyaya za nyuma zinazotoa joto, imefunikwa vumbi lililoshikana na chumvi mpaka limekuwa gamba, na kompresa ilikuwa inanguruma bila kupumzika. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu inakula chuma na mapezi ya alumini ya eisi. Mashine ambayo Nairobi ingedumu miaka kumi, ufuoni bila kusafishwa haifiki nusu yake. Hilo si kosa la mtu. Kosa ni kwamba wakala alituahidi stima imo kwenye bei, na tulipofika tukaambiwa tokeni za stima tutanunua wenyewe. Kwa hiyo friji mbovu ya mwenye nyumba ilikuwa inakunywa pesa yangu.

Niliazima brashi ya kufulia kwa mzee Charo, askari wa nyumba, nikaizima friji ukutani, nikaiponda ile chumvi taratibu nikifuata nyaya za kondensa kutoka juu kwenda chini. Mpira niliumwagia maji ya moto kidogo kidogo, nikaunyoosha kwa vidole wakati umelainika, ukarudi kukamata. Jioni ile kompresa ilianza kupumzika, na tokeni tulizonunua zikadumu. Wewe usiye fundi, pima hivi: weka kipande cha karatasi kwenye ukingo wa friji, funga mlango juu yake, vuta. Ikitoka bila kushikwa, unalipia stima ya kupoza jiko zima. Fanya hivyo mbele ya mtunza nyumba siku ya kwanza, ili ijulikane hali umeikuta.

Maji nayo yana mambo. Watamu na Malindi hupata maji kutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, lakini hayaji kila saa, na nyumba nyingi zina kisima cha kujazia. Cha nyumba yetu kilikuwa na chumvi: sabuni haitoi povu, na chai inakuwa na ladha ambayo sukari haiifichi. Nunua mitungi ya lita 20 ya kunywa na kupikia tangu siku ya kwanza.

Lakini hayo yote niliyasahau kwa sababu ya Mama Kadzo. Huyu ndiye mpishi aliyekuja na nyumba, mama wa Kigiriama wa makamo, mpole, mwenye kauli. Siku ya kwanza aliniita bosi. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Baba Mwende tu." Tangu hapo nikawa Baba Mwende, mke wangu Mama Mwende, na mama mkwe akawa dada yake mkubwa, wakikaa jikoni wawili wakichambua mchicha na kuulizana habari za wajukuu.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Asubuhi unampa pesa ya siku, anaiandika kwenye daftari la shule, jioni anakuonyesha kilichobaki. Muuza samaki anapita langoni na baiskeli, ndoo imefunikwa gunia bichi. Mama Kadzo hamwamini hata akiapa. Anamshika kolekole, anafunua shavu kuona kama bado ni jekundu, anabonyeza ubavu kwa kidole gumba, anatazama macho kama yamezama. Siku moja alimrudishia ndoo nzima akamwambia, "Hawa wa jana, mwanangu, niletee wa leo." Na kijana akaondoka akarudi na wengine, bila ubishi.

Samaki wa kupaka wake ningependa kila Mnairobi amwonje. Nazi anaikuna mwenyewe kwenye mbuzi, ameikalia, kifuu kikizunguka mkononi mpaka unga mweupe ujaze sinia. Anaikamua tui la kwanza, zito, analiweka kando. La pili, jepesi, ndilo la kupikia wali. Samaki amepasuliwa mgongoni, amepakwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili, amekwisha kuanza kuiva juu ya makaa. Lile tui zito anachemsha na bizari na ukwaju mpaka ligande kidogo, halafu analipaka samaki kwa kijiko, anageuza, anapaka tena, mafuta ya nazi yakidondoka kwenye makaa na moshi ukirudi kumpa harufu. Hana haraka. Mama mkwe, ambaye Machakos hula samaki kwa kulazimishwa, aliomba kichwa. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, mchana kitu chepesi, jioni kamba au pweza ikiwa bamvua limeruhusu wavuvi kuwapata miambani. Hoteli ilitulisha makaroni na soseji.

Kuhusu bahari, jambo ambalo matangazo ya nyumba hayasemi ni kwamba Watamu haiendi kwa saa ya ukutani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupwa na kujaa kwa tofauti ya hadi karibu mita 4. Katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali. Siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Ukishajua hilo, umejipangia likizo. Maji yakipwa sana panda tuktuk uende Mayungu, upande wa Malindi, ambako mafungu ya mchanga hujitokeza katikati ya bahari, meupe, na madimbwi ya kijani kati yake. Waitaliano wamepaita Sardegna Due. Watoto walikimbia huko mpaka miguu ikakataa. Maji yakijaa, rudi ufuoni kuogelea, au nenda kwenye matumbawe kwa mashua yenye sakafu ya kioo.

Agosti bado kusi linavuma. Nje ya miamba bahari ni kali, na mwani hutupwa ufuoni kwa wingi, hudhurungi, wenye harufu. Wapo wageni wanaolalamika kana kwamba hoteli ndiyo imeuleta. Ukitaka ufuo uliosafishwa kama picha, njoo Januari kaskazi likivuma. Ndani ya miamba maji ya Agosti ni matulivu na yana joto la kutosha kwa mtoto aliyetoka kwenye sweta ya Nairobi, na upepo unafanya usiku ulale bila eisi. Tokeni zako zitakushukuru.

Hifadhi ya bahari ya Watamu ipo tangu 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika, na kwa kuwa ndani yake hakuna kuvua, samaki hawamwogopi mtu. Ada unalipa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kabla ya kupanda mashua. Mwenye mashua akikwambia mpe yeye taslimu, kataa kwa upole. Binti yangu mkubwa alitumbukiza uso majini akiwa na miwani, akainuka akasema wako chini wamejaa, akarudi kutazama, na nahodha alilazimika kumwita mara kadhaa ili tuondoke. Nahodha huyo huyo alitueleza kwamba kuanzia Julai nyangumi wa nundu hupita nje ya miamba wakitoka bahari ya kusini, na kuna mashua zinazokwenda kuwatazama. Sisi na mzee hatukuthubutu mawimbi yale, ila familia ya vijana iende.

Mahali pawili pengine pasikose kwenye safari. Kwanza Local Ocean Conservation, wanaolinda kasa tangu 1997. Mvuvi akimnasa kasa wavuni bila kukusudia anawapigia simu, wanakuja, wanamfidia kwa usumbufu, wanampima kasa na kumpa alama kabla ya kumrudisha baharini. Mgonjwa anabaki hospitalini kwao. Watoto waliona kasa mmoja akielea upande kwenye tangi, akisubiri kupona, na maswali waliyouliza yalimaliza asubuhi nzima. Mhudumu aliyajibu yote kwa Kiswahili bila kuchoka.

Pili, Dabaso, kwenye ghuba ya Mida. Pale kikundi cha wenyeji kimejenga njia ya mbao katikati ya mikoko mpaka kwenye mkahawa wao juu ya maji, na sambusa zao za kaa ni za kurudiwa. Nenda jioni maji yakijaa. Pesa ya pale inabaki kijijini, na hiyo peke yake inatosha kunipeleka.

Gede niliingia kwa ajili ya watoto, nikabaki kwa ajili yangu. Mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, miti imeota ndani ya kuta, na mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuna kaburi lililochorwa tarehe, sawa na mwaka 1399. Kilichonikamata ni mabomba, kwa maneno ya siku hizi: visima virefu vilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe, vyoo vya ndani vyenye mahali pa kutawadhia, mifereji ya kutoa maji ya mvua uani. Mtu aliyeichonga mifereji ile alijua mteremko. Nilimwonyesha mwanangu kwa mkono jinsi maji yalivyotoka ua wa juu mpaka nje ya ukuta, akaelewa upesi kuliko vijana wangu wa karakana. Hapo hapo ndani ya uzio kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambao wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na pupa zao, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya kifuko, huuzwa nje ya nchi. Hivyo mkulima ana sababu ya kuuacha msitu usimame.

Kuna jambo liliniuma. Tukitembea ufuoni asubuhi, askari wa jengo moja kubwa alitutaka tupite mbali, watoto wasijenge nyumba za mchanga mbele ya wageni wake. Mchanga unaofikiwa na maji ni wa umma, na nilimwambia hivyo kwa heshima, maana yeye ametumwa tu. Tuliketi pale pale. Kila mzazi wa Nairobi anayekwenda huko alijue hilo, na ajue pia vichochoro vya umma vinavyopita kati ya majumba kushuka baharini. Mzee Charo alituonyesha vyote.

Na lingine. Mama Kadzo aliniambia kwamba kuanzia Aprili mpaka Juni, mvua za masika, hoteli nyingi hufunga, wenye nyumba wako kwao Ulaya, na yeye hulipwa siku ambazo nyumba ina wageni tu. Miezi hiyo anauza mahamri barabarani. Huyu ndiye aliyeshika likizo yetu yote mikononi mwake, na kwenye tangazo la nyumba ameandikwa neno moja, mpishi, kati ya bwawa na maegesho. Kwa hiyo bakshishi mpe mkononi au kwa M-Pesa yake mwenyewe, usimwachie wakala aigawe. Sisi tulitenga bei ya usiku mmoja wa nyumba, tukawagawia yeye na mzee Charo, na kwa familia ya watu sita naona hicho ndicho kiwango cha haki. Ukiweza kwenda masika, nenda: bei hushuka, nyumba ziko wazi, na siku zako zinamlipa mtu ambaye asingelipwa.

Kabla ya kutuma amana, omba namba ya mtunza nyumba, umpigie yeye. Muulize tokeni ni za nani, kisima kina chumvi au la, friji inagandisha kwa muda gani, stima ikikatika kuna genereta au hakuna, na mpishi atakuwa nani. Wakala atakujibu kwa picha, mtunza nyumba atakujibu kwa ukweli. Nyumba za Agosti huanza kuisha Mei, na Mei hiyo hiyo mwenye nyumba anaweza kupunguza bei kwa sababu hana mgeni. Mwenye kutaka muziki wa usiku na ufuo mrefu wa kutembea aende Diani, hatakosea. Sisi tumeshaichukua ile ile ya Watamu kwa Agosti ijayo, safari hii moja kwa moja kwa mwenyewe, na kwenye mkataba tumeandikisha mambo mawili: tokeni ziko ndani ya bei, na Mama Kadzo ametajwa kwa jina pamoja na ujira wake wa kila siku.